Ushahidi Wangu Mkunya

Nilihamishiwa Mkunya nikiwa mwalimu kijana, mimba ya miezi sita tumboni na begi moja la nguo mkononi. Kwetu ni Singida, mume wangu alibaki huko kazini, na huku sikuwa na ndugu hata wa kusingizia. Jioni ya siku ya kwanza, mwanamke wa nyumba ya pili alikuja na ndoo ya maji kichwani, akaitua mlangoni kwangu, akanikataza kabisa kushuka bondeni kuteka na tumbo lile. Maji ya huku juu ni ya kuyafuata. Wanawake hutoka alfajiri wakarudi jua limeshakuwa kali. Alinitekea mpaka nikajifungua, kisha akanitekea arobaini nzima. Nilipomuuliza nimlipe nini alicheka, akasema niwafundishe wanawe wasije wakawa kama mwalimu wao, mtu mzima asiyejua kuchimba viazi vya porini.

Tulikaa jirani zaidi ya miaka ishirini. Kanisani tulikaa benchi moja, na mama mkwe wangu alipokuja kunisimanga kwa kuzaa wasichana watupu, yeye ndiye aliyemjibu. Mimi sikuthubutu.

Mumewe alikuwa mtu mpole, mfanyabiashara mdogo mjini Masasi. Nyumbani alionekana mara chache. Shamba lao la mikorosho mke ndiye aliyelifyeka, akalichoma, akang'oa visiki kwa mikono yake. Nilimsaidia kuchimba mashimo likizo nzima, malengelenge yakanitoka mpaka nikashindwa kushika chaki. Mikorosho ilipokua, aliipulizia dawa mwenyewe kila msimu, kitambaa kimefungwa puani, macho mekundu. Alisomesha watoto wanne kwa miti ile.

Mwaka juzi mume alianguka dukani kwa shinikizo la damu, hakuinuka tena. Arobaini ilipopita, wapwa zake, watoto wa dada yake, walidai shamba. Huku mwanamume hurithiwa na watoto wa dada yake, si wanawe; ardhi ni ya ukoo, lakini mti ni wa aliyeupanda. Kwa hiyo swali la kikao cha ukoo lilikuwa moja tu: mikorosho aliipanda nani? Rafiki yangu akanitaja mimi kuwa shahidi. Asubuhi ya kikao alinipitia, tukaongozana, na njiani akaniambia niseme nani alilima na nani alichimba, basi. Nisiongeze neno.

Mimi ni mtu wa maneno. Ualimu umeniharibu, siwezi kujibu swali bila kulipamba. Nilianza vizuri: nimemwona akifyeka, nimemwona akichoma, mashimo tumechimba wote. Nikawaona wapwa wamenuna, na mjomba wa marehemu, mwenyekiti wa kikao, ameinamisha kichwa. Nikadhani nimewaudhi kwa kumsahau ndugu yao. Nikaona aibu, tusije tukaonekana wanawake wawili tuliokuja kumnyang'anya maiti. Basi nikatia la heshima. Nikasema marehemu naye hakulaza damu. Siku ya kupanda alitoka Masasi na mbuzi, akamchinja, akatulisha wanawake kumi na wawili tukashiba.

Mjomba aliinua kichwa. "Aliwalisha yeye?"

"Yeye," nikajibu, tena kwa furaha.

Sikujua. Miaka yote ile nimekula kwenye kazi za watu bila kuuliza maana ya kile chakula. Watu wakialikwa kazi, anayewalisha ndiye mwenye kazi. Mikono yao imeshalipwa kwa kile walichokula, haina dai tena. Kwa hiyo aliyepanda ni marehemu, na mali ya marehemu ni ya wapwa zake. Mambo yaliisha kabla sijakaa. Katibu alinisogezea karatasi ya maelezo yangu, nikatia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, bado sijaelewa nimefanya nini. Nilielewa nilipomtazama mwenzangu. Alikuwa anakunja ncha ya khanga yake, anaikunjua, anaikunja. Hakulia. Afadhali angelia, au angenipiga.

Wiki iliyofuata nilimwendea nikamwambia twende mahakamani Masasi, sheria ya nchi inamtambua mjane. Nilikuwa tayari na nauli na mabishano yangu yote. Alinisikiliza huku akifunga vyombo kwenye gunia.

"Watataka shahidi, Mwalimu," alisema. "Shahidi ni wewe."

Akahamia Mnyambe, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Mimi nikahamishiwa Masasi. Kwa miezi mingi sikuwa na uso wa kumwendea. Nilipika, nilifundisha, niliimba kwaya, na katikati ya wimbo sauti yangu mwenyewe ilinichukiza. Mvua za kwanza za mwaka jana zilipoanguka nilipanda bodaboda mpaka kwake. Nilimkuta shambani peke yake, amekonda, jembe mkononi, miche ya mikorosho imepangwa kivulini. Ana miaka hamsini na sita. Mti ule unataka miaka mitatu kabla haujatoa chochote cha maana, na mgongo wake umekwisha. Alinielekeza kwa kidevu lilipo jembe la pili.

Tulichimba mpaka adhuhuri. Alinihabarisha ya wanawe, nikamhabarisha ya wangu. Tulipokaa kupumzika nikashindwa kuvumilia, nikalia, nikamwomba msamaha kwa maneno mengi kama kawaida yangu. Aliningoja nimalize.

"Nilishakusamehe," alisema. "Ila siku nikifa, wewe lia na wenzako tu. Usisimame kusema."

Nilimwambia sawa. Nilitaka kuongeza neno, nikalimeza. Alishanyanyuka, anapima kwa hatua mahali pa shimo lingine.