Emérence Aliyeandikwa Amekufa

Tuseme ukweli: muzee Stanislas alikuwa mkaidi, lakini kuhusu ng'ombe alikuwa na haki. Mwaka 1957 mwanawe Philémon, seremala wa Kadutu pale Bukavu, alitaka kumwoa Emérence, fundi cherehani aliyelelewa na masista, bamaseri kama tunavyowaita. Mama yake Emérence alifariki binti akiwa mchanga, baba akafia migodini Mwenga. Sasa ng'ombe wa mahari angepokelewa na nani?

"Bamaseri ndio batamukamua?" alifoka muzee. "Alete ndugu ya baba yake. Asipomupata, ndoa haiko."

Emérence alijua tu jina la baba, Birindwa, na kwamba alifia Mwenga. Kwetu Bushi akina Birindwa wamejaa kama maharagwe. Alikwenda ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, akamsihi karani Alphonse, naye akapekua fishi, zile kadi za sensa, huku akiguna. Mwishowe akaipata: Birindwa, wa Kavumu, amefia Mwenga.

"Batoto ine, bote balikufa," alisoma, akiinua vidole vinne. "Weye hauko mutoto yake."

Emérence alilia palepale mbele ya watu, bila haya. Lakini hakuwa na pengine pa kuuliza, akaenda Kavumu. Huko walimwelekeza shambani kwa Godelive, dada ya Birindwa. Mama yule alimtazama, akatupa jembe, akamshika uso kwa mikono yenye udongo.

"Mama yako alisha kuzika batatu," alimwambia. "Siku ya kuhesabu bantu, akakuficha nyuma ya kitanda. Akaambia karani na wa ine alikufa, ili kifo isikusikie, isikubebe na weye. Siye bote tukanyamaza."

Mdogo wake Birindwa alikuwa hai, na jioni ileile alikubali kumpokea ng'ombe. Mimi ningeridhika hapo, nikangoja pombe ya arusi. Emérence hakuridhika. Ilimuuma kuwa maiti serikalini. Akamkokota shangazi yake mpaka kwa Alphonse, aandikwe mzima.

Karani alichovya kalamu kwenye wino. Godelive hakukataza, alisema tu, "Siku ile mama yako alitetemeka. Hakuzoea kudanganya bantu ya serikali."

Emérence aliitazama ile fishi. Masista walimlea vizuri, lakini hakuwa na shuka wala kitenge cha mama yake, hata sura yake hakuikumbuka.

"Basi niandike?" aliuliza Alphonse.

"Acha, papa," alisema Emérence. "Ile ni mama aliandikisha."