Ngoja Nipige Pasi: Wimbo Uliozaliwa Mezani kwa Dobi

Asubuhi bado ina ubaridi, lakini chumba cha Mama Pasi kimekwisha kupata joto. Anachovya vidole katika bakuli la maji, anainyunyizia kola ya shati jeupe, kisha anaishusha pasi juu yake. Mvuke unapanda. Naye anaanza kuimba kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala.

Mlangoni amesimama mteja mwenye suruali mbili begani. Anasubiri ubeti uishe.

"Ukitaka zipigwe pasi leo, ziweke hapo," Mama Pasi anamwambia bila kugeuka. "Ukitaka wimbo, washa redio."

"Redio ninayo, mama. Ila ya kwangu haitoi mvuke."

Mama Pasi anacheka hadi inambidi aisimamishe pasi wima.

Sauti yake ndiyo inayosikika msimu huu katika vibanda vya vinyozi, gereji na vibanda vya kuuzia vocha. "Ngoja Nipige Pasi" ni wimbo wa roki ya taratibu: gitaa mbili, ngoma zisizo na haraka, na mwanamke anayemsihi mtu asiondoke. Kwa wiki kadhaa sasa hakuna wimbo unaoombwa sana redioni kuliko huo. Mwimbaji mwenyewe hajaacha udobi hata siku moja.

Wimbo ulianza na ugomvi. Mumewe, ambaye hupaka rangi nyumba za watu, alirudi jioni akiwa amechoka, akaiegemeza ngazi yake yenye rangi mbichi kwenye kamba ya nguo. Juu ya kamba hiyo zilikuwapo shuka za mteja, nyeupe, zimeanikwa baada ya kufuliwa kutwa nzima.

"Nilisema maneno," Mama Pasi anakiri. "Naye akasema ya kwake. Kulipokucha akatangaza kwamba anahamia kwa kaka yake. Nikamwambia, nenda! Lakini shati lake la kutokea lilikuwa hapa mezani kwangu. Nikajiuliza, ataondoka na nini, na fulana?"

Akalipiga pasi shati hilo kama ambavyo hakuwahi kupiga pasi maishani. Kola, mikono, mgongo, kisha kola tena. Kwa kuwa alikuwa amenuna na hataki kumsemesha mumewe, alichotaka kumwambia alikiimba: ngoja, ngoja kwanza, nipige pasi, usitoke umekunjamana.

"Mimi nimesimama na begi langu, nimekasirika kwelikweli," anasimulia mumewe. "Nikaona mkono mmoja wa shati unarudiwa na kurudiwa. Nikasema, mke wangu, hilo shati litaungua. Akanijibu, basi kaa unywe chai, lipoe. Nikakaa. Begi nikalifungua mwenyewe."

Nje ya dirisha alikuwapo jirani yao, fundi wa redio ambaye jioni hupiga gitaa katika bendi ya mtaa. "Nilifuata koti langu," anasema Fundi. "Nikaondoka na wimbo. Koti nikalisahau."

Siku ya kurekodi na bendi ya Fundi, kazi ilikwama. Mama Pasi alisimama mbele ya kipaza sauti, mikono ikining'inia, na sauti haikutoka. Tangu ujana wake hakuwahi kuimba mikono ikiwa mitupu. Ikabidi meza ya pasi iletwe studio, pamoja na shati. Hapo akaimba vizuri, isipokuwa katikati ya wimbo alinyamaza ghafla, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umekamilika na alikuwa akiligeuza shati. Wapigaji wakanyamaza naye kwa mshangao. Fundi alitaka kukifuta kimya hicho, mpiga ngoma akakataa katakata.

Wimbo ulipopigwa redioni mara ya kwanza na kufika penye kimya, mtangazaji alirukia kipaza sauti: "Wasikilizaji, tunaomba radhi, tumepata hitilafu ya mitambo." Wakati huohuo Mama Pasi akaendelea kuimba. Simu zikaanza kuingia. Mwanamke mmoja alimwambia mtangazaji hewani: "Kaka, rudia huo wimbo, na safari hii unyamaze!"

Ndipo ukaja mwaliko wa kuimba mbele ya umma. Msimamizi wa ukumbi hakutaka kusikia habari za pasi ya moto jukwaani. Akashauri wapige rekodi, mwimbaji afungue mdomo tu.

"Nipanuepanue mdomo kama samaki?" Mama Pasi anauliza, bado ameudhika. "Watu wamelipa nauli zao waje kunisikia mimi."

Akapanda mikono mitupu. Gitaa zikamkaribisha, hakuingia. Zikazunguka tena, bado. Ukumbi ukaanza kunong'ona.

"Niliogopa kitu kimoja," anasema. "Kwamba nikishuka pale bila kuimba, sitaimba tena hata mezani kwangu. Na bila kuimba, mimi kazi hii siiwezi."

Katika safu ya mbele mumewe akainuka. Akapanda jukwaani, akafungua vifungo, akalivua shati lake, lilelile la ugomvi. Akalitandaza juu ya spika, akasimama na fulana mbele ya ukumbi mzima.

"Mke wangu," akasema, "limekunjamana."

Watu wakaangua kicheko. Mama Pasi akaliwekea shati viganja vyake, akaanza kuinyoosha kola taratibu, na sauti ikaja. Alipofika katikati akaligeuza shati, na ukumbi wote ukanyamaza pamoja naye, hata msimamizi mlangoni. Alipoendelea, waliendelea naye.

Sasa wengi wanamuuliza kuhusu wimbo wa pili. Mumewe, anayechanganya rangi uani, anajibu kwa niaba yake: "Mimi niko tayari. Ngazi ipo, na shuka ziko kambani."

"Thubutu uone!" Mama Pasi anamfokea kupitia dirishani, huku akitabasamu.

Yeye ana mpango mwingine: kujifunza kuimba mikono mitupu. "Bendi imeitwa kwingine, na mume wangu hawezi kuvuliwa shati kila mji," anasema. Kila asubuhi anafanya mazoezi kidogo kabla wateja hawajawa wengi.

Anaisimamisha pasi wima, anasogea hatua moja kutoka mezani, anaanza. Ubeti wa kwanza unapita salama. Katika ubeti wa pili vidole vinaanza kupapasa hewani, na sauti inapungua.

Mteja wa mlangoni anamnyooshea suruali. Mama Pasi anaipokea bila kukatisha wimbo.