Shemeji, Jasiri na Paja la Nyama

Jamani, shemeji yangu leo amenimaliza!

Wiki nzima namkanda nyonga mbwa wangu Jasiri kwa mafuta ya nyonyo. Analalia koti langu nililorudi nalo vitani Burma, ili baridi hii ya Iringa isimkaze viungo.

Natoka kanisani, mbwa hayupo! Shemeji kaenda naye kuwinda.

Wakarudi. Shemeji nyama begani, Jasiri nyuma anaburuta miguu.

"Shemeji, pokea paja. Fungu la mwenye mbwa."

Paja! Mbwa hana mguu wa kusimamia, wewe unaniletea paja?

Nikamfukuza. Akainama kuchukua mkuki wake.

Jasiri akauona ule mkuki. Huyoo, kasimama, anatetemeka, mkia unapiga, anataka kumfuata!

Haya, semeni: nimfunge kamba nani, mbwa au shemeji?