Boksi la Lita Tatu

Tangu Jumatano Mililita alikuwa na hasira ya kukosesha mtu hamu ya kula. Siku hiyo wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa, alikuja kumsalimia mkwewe, akafungua friji kutafuta maji baridi, akakuta boksi la mvinyo. Badala ya kuuliza, kama watu wenye adabu wanavyouliza, akatoa simu na kulipiga picha. Picha akaitupa kwenye kundi la familia, chini yake akaandika: "Lita tatu! Na mama yetu yumo humo humo ndani."

Ikawafikia shangazi, wajomba, binamu, na watoto wa binamu ambao hata kumpigia bibi yao simu hawajui. Mmoja akaweka kikatuni cha mtu anayelia. Mwingine akaandika kwamba alikuwa na wasiwasi siku nyingi, ila alinyamaza kwa heshima. Jioni haijaingia, kaka mkubwa akatoa hukumu: Jumapili angekuja na gari amchukue mama, akakae kwake moja kwa moja. Mililita alisoma ujumbe huo akiwa kazini, dirishani, mkononi ameshika chupa ya dawa ya mtoto wa watu, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba alilazimika kusoma cheti mara mbili.

Alikuwa mtoa dawa wa hospitali. Jina la Mililita alipewa na wagonjwa. Mtu akimuuliza, "Kwa hiyo nimpe kijiko kimoja?" yeye hujibu, "Sijasema kijiko. Nimesema mililita tano," kisha humsukumia kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari na kumwonyesha mstari wenyewe kwa ukucha. Kila dawa ya maji inayofunguliwa huandikwa tarehe kwa kalamu nene nyeusi. Mazoea hayo aliyabeba mpaka nyumbani. Mafuta ya kupikia yana tarehe, sosi ya nyanya ina tarehe, na dawa ya mama ya kuchua magoti ina tarehe na saa.

Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja, anatembelea mkongojo, na alikuwa ameishi naye miaka kumi na moja, tangu baba alipofariki. Vyumba vilikuwa viwili na sebule ndogo, lakini kila kitu kilikuwa pale ambapo mkono wa mama ulikijua. Kaka mkubwa aliwahi kumchukua kwa wiki mbili tu, mwaka juzi. Mama alirudi miguu imevimba, na vidonge vyake vya presha vya wiki mbili vikiwa vimepungua viwili tu kwenye pakiti. "Tulisahau," alisema wifi, macho makavu kabisa. Kwa hiyo waliposema mama akakae huko moja kwa moja, Mililita alijua wanasema nini. Walikuwa wanazungumzia miguu ile, na safari hii asingekuwepo mtu wa kuiona inavimba.

Na yote hayo kwa sababu ya boksi! Hilo ndilo lililomkata maini. Kama kuna mtu katika ukoo mzima aliyeufikiria mvinyo kwa akili timamu, ni yeye.

Alianza kunywa ana miaka arobaini na saba, kwenye sherehe ya kumuaga daktari mmoja aliyestaafu. Akaonja mwekundu usio na sukari, akaupenda. Tangu hapo akajiwekea utaratibu: siku nne kwa wiki, akishavua viatu, glasi moja ndogo na chakula. Mililita mia moja na ishirini na tano, zilizopimwa kwa kikombe cha kupimia. Glasi ya pili ilimpa maumivu ya kichwa, basi hakuona sababu ya kuibishia.

Shida ilikuwa chupa. Muuza duka la vinywaji, bwana mmoja aliyevaa miwani kichwani badala ya machoni, alimwambia, "Mama, usichukue hizi za bei ya chini, zitakuumiza. Mtu mzima kama wewe anastahili hii," akamtolea chupa yenye maandishi ya dhahabu. Mililita akapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, akalipa. Siku ya kwanza mvinyo ulikuwa mtamu wa kupendeza. Siku ya nne ulikuwa umeanza kuchacha, na wiki ya pili akamwaga zaidi ya nusu kwenye sinki, huku akimtukana yule bwana na miwani yake. Chupa inatengenezwa kwa ajili ya watu wanne mezani, au mlevi mmoja. Mtu wa glasi moja hakuna aliyemkumbuka. Akajaribu vichupa vidogo vya glasi moja moja, akakuta bei yake ni ya kuwakomoa watu. Akajaribu kurudisha kizibo na kukifunga kwa plasta ya kidonda. Plasta haikusaidia kitu.

Jibu alilipata kazini. Alikuwa wodini akipeleka dawa, akamwona mgonjwa aliyetundikiwa dripu, na ule mfuko wa maji ukinywea kadiri maji yalivyoshuka. Haukuingia hewa. Maji yalitoka, na mfuko ukajikunja kuyafuata. Mililita alisimama pale mpaka muuguzi akamuuliza kama amepotea njia. Jioni ile ile alikwenda dukani na kuuliza ndani ya yale maboksi ya mvinyo yenye kibomba mna nini. Mnakaa mfuko, wakamwambia, nao unanywea. Ukishafunguliwa na kuwekwa kwenye friji, mvinyo unakaa wiki sita bila kuharibika. Akapiga hesabu palepale kaunta: lita tatu ni vipimo ishirini na vinne, siku nne kwa wiki, wiki sita. Ilikuwa sawasawa, kana kwamba kiwanda kizima kilimtengenezea yeye.

Bwana wa miwani alicheka. "Mama, una sherehe?"

"Sina sherehe. Nina akili."

Boksi la kwanza lilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi, akaligawa. La pili likamkausha ulimi. La tatu lilikuwa lenyewe: jekundu, jepesi, halina sukari, linakwenda na chakula chochote, na kila glasi ilimgharimu nusu ya alichokuwa akilipa mwanzo. Ubavuni aliandika tarehe ya kulifungua, na chini yake kijistari kimoja kwa kila kipimo. Siku wifi alipopiga picha, vilikuwepo vijistari kumi. Lakini ubavu ule wifi hakuupiga. Alipiga upande ulioandikwa LITA 3.

Hapo hatujataja unywaji wa kaka mkubwa. Kaka mkubwa alikuwa mhandisi, mtu wa suti na kabati la vioo sebuleni lililopangwa chupa za bei mbaya, zenye taa ndogo zinazowaka kwa nyuma. Mara tatu wenzake wa kazini walimrudisha nyumbani wamemshika huku na huku. Mwaka jana alilala kwenye kiti katikati ya sherehe ya mahari ya mpwa wake, mdomo wazi, mbele ya wageni. Hakuna aliyepiga picha. "Amechoka na kazi," alisema wifi, na ukoo mzima ukaitikia kwamba kweli, kazi za siku hizi zinachosha.

Jumapili wakafika saa nane mchana. Wifi alipitiliza moja kwa moja chumbani kwa mama na kuanza kukunja nguo kwenye begi. Kaka mkubwa akaketi kwenye kochi, akapanua magoti, akajisafisha koo.

"Lete hilo boksi hapa mezani. Tuzungumze likiwepo."

Mililita akalileta, akalitua mezani kwa kishindo. Kaka akaligeuza, akaona vijistari, vilivyokwishafika kumi na viwili.

"Unaona? Mpaka unahesabu! Mtu asiye mlevi anahesabu nini?"

"Nahesabu kwa sababu..."

"Usinikatishe. Mimi ndiye mkubwa wako." Akaangaza macho. "Niletee bilauri. Lazima nijue ni kitu gani hiki kinanywewa mbele ya mama yangu."

Akaletewa bilauri tupu ya kunywea maji. Akabonyeza kibomba, akaijaza, akaonja, akakunja uso kama bwana afya. Kisha akaanza kuhubiri. Alihubiri juu ya marehemu baba, juu ya jina la familia, juu ya wanawake wanaoishi bila mtu wa kuwakanya. Kila alipofika mahali pa kuvuta pumzi, alipiga funda. Bilauri ilipokwisha, mkono wake ukanyooka wenyewe na kubonyeza kibomba, ulimi ukiendelea na habari za heshima.

Mililita alitaka kumwambia, "Kaka, umemaliza ya kwanza." Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Akayarudisha. Kwa kweli alikuwa amekasirika mno kumfanyia mtu huyo hisani yoyote. Na aliona jambo ambalo kaka hakuliona: mtu wa chupa huangalia chupa, akaona imefika nusu, aibu ikamshika. Boksi halionyeshi kitu. Linakaa vile vile mezani, limenyooka, hata likibaki na tone.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono juu ya mkongojo, macho yamefumba nusu. Wote walidhani amesinzia.

"Mimi... siwezi," kaka alisema katika bilauri ya tatu, "siwezi kulala usingizi, nikijua mama yangu... yupo na mtu wa namna hii." Machozi yakamlengalenga. Akabonyeza kibomba.

Wifi akatoka chumbani na begi. "Haya, baba watoto, twende. Foleni itaanza."

Kaka mkubwa akamaliza ya nne, akasimama, akachomoa funguo mfukoni kwa madaha. Funguo zikaanguka. Akainama kuziokota, akaikosa sakafu, akaipata meza kwa paji la uso. Wifi akapiga ukelele mdogo. Kaka akarudi kukaa kwenye kochi, akasema yuko sawa, yuko sawa kabisa, kisha akajaribu kunyanyuka na kochi likamshinda.

Mililita akaokota funguo na kuzitia kwenye mfuko wa gauni lake.

"Mama yangu hapandi gari hilo."

"Nipe funguo," wifi alisema. "Amechoka tu. Wiki nzima yuko kazini."

Hapo ndipo yalipotoka yote. Mililita hakupaza sauti. Sauti yake ilikuwa ile ile ya dirishani.

"Amechoka na nini, wifi? Mimi nasimama saa kumi kwa siku, nikirudi namwogesha mama, namchua magoti, nampa kidonge chake na kumwangalia akikimeza. Sijachoka? Glasi yangu moja mmeitangaza kwa ukoo mzima. Huyu amekunywa mbele ya macho yako, akitaka kumwendesha mama barabarani, na wewe unaniambia amechoka! Wewe gari hujui kuendesha, si ndiyo? Ulitaka nani alishike usukani? Niambie!"

Kwenye kochi kaka mkubwa alikuwa ameanza kukoroma, tai imemwangukia begani.

Mama akafumbua macho, na hayakuwa na usingizi hata kidogo.

"Mwanangu," alimwambia wifi, "rudisha nguo zangu kabatini. Zile za juu uzikunje vizuri, umezivuruga."

Wifi akashika begi kwa mkono mmoja, simu ikiwa katika mwingine. Lakini mama alikuwa hajamaliza. Akamgeukia binti yake.

"Na wewe, mbona hujaandika?"

"Niandike nini, mama?"

"Za kaka yako. Si kila kinachotoka humo unaandika? Bilauri nne, nimeziona zote. Na bilauri ile ni vikombe vyako viwili, mimi huwa nakuangalia ukipima."

Mililita akachukua kalamu nene nyeusi kwenye droo. Chini ya vile kumi na viwili vya wiki tatu, aliandika tarehe ya leo, akapiga nane. Mama alinyoosha shingo na kuvihesabu kwa ncha ya mkongojo, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Haya," akamwambia mkwewe, "washa simu yako. Lipige picha. Na safari hii upige ubavu huu."

Wifi aliinamia mkoba wake akaanza kuitafuta simu, na aliitafuta kwa muda mrefu sana, ingawa mama, Mililita na yeye mwenyewe walikuwa wanaiona mkononi mwake.