Siku Mama Mkwe Alipoagiza Bati Ling'olewe

Katika Nyakisasa nzima, huku Ngara, hakuna mtu niliyegombana naye kama mama mkwe wangu, na hakuna ninayejivunia kama yeye. Nalisema hili mapema ili nisieleweke kwamba namsengenya. Namsifu. Ukiona ukali mahali, ujue ni mdomo wangu tu, hauna breki. Hata wanafunzi wangu wa darasa la nne wanalijua hilo.

Mimi si mwenyeji wa Ngara. Nimezaliwa Nyantakara, upande wa Biharamulo, na lugha ya nyumbani kwetu ni Kisubi. Nilipoolewa huku nikakuta Kihangaza, migomba, kahawa, baridi ya asubuhi, na mama mkwe mwenye taratibu zake. Mojawapo ilikuwa hii: mtoto mchanga havuki mlango mpaka kitovu kikauke na kudondoka. Siku hiyo ndipo anatolewa nje pamoja na mama yake, watu wanakula na kunywa, na mtoto anapewa jina. Kabla ya hapo hana jina, na nje hakumhusu.

Nilijifungulia kituo cha afya. Kabla ya kuturuhusu, nesi alimkagua binti yangu kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu. Alipitisha kidole kwenye kaakaa, akasikiliza moyo, akakunjua mapaja, akageuza nyayo. Nilijisikia kama mkulima anayeambiwa na bwana shamba kwamba shamba lake halina dosari.

"Leo yuko sawa, mwalimu," nesi akasema. "Lakini kuna kitu huwa kinakuja baadaye, siku ya pili, ya tatu. Manjano. Mwangalie kwenye mwanga wa mchana, sio wa taa. Mbonyeze pua taratibu, ukiachia uone ngozi imebaki na rangi gani. Ukiona manjano, au akigoma kunyonya, usingoje kitu."

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshaandaa chumba. Dirisha linatazama barabara, kwa hiyo alikuwa amelitundikia blanketi zito, upepo usiingie wala macho ya wapita njia. Mwanga pekee ulikuwa wa taa ya sola. Chini ya taa ile sote tulikuwa na rangi moja.

Mtoto alilala. Alilala hata wanawake wa ukoo waliokuja kumwona wakamsifia upole, wakasema huyu amezaliwa na adabu zake. Nami nikavimba kichwa, nikajiona mama hodari. Ila siku ya tatu matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, na mtoto alikuwa akivuta mara mbili tu kisha anasinzia. Maneno ya nesi yakanirudia.

"Mama, nataka kumwangalia mtoto kwenye jua," nikamwambia mama mkwe alipoleta uji.

"Utamwangalia akitoka."

"Nataka leo."

"Kitovu kimedondoka?"

"Bado."

"Sasa jua la nini? Mwache, mtoto akirara ndiyo anakua."

Nikamweleza habari ya manjano. Akasema amelea watoto wengi, na wote walilala hivyo hivyo. Nikaomba basi tuondoe blanketi dirishani. Akauliza kama nataka barabara nzima imwone mjukuu wake. Hapo nikapandisha sauti, ndani ya nyumba yake, nikasema nitatoka na mwanangu mwenyewe na anayeweza kunizuia aje anizuie. Mpaka leo sijutii.

Kwa kawaida akitulia huniita mwanangu, akikasirika huniita mwalimu. Safari hii hakuniita chochote. Aliinama, akamgusa mtoto shavuni, akalivuta sikio kidogo, kisha akampiga unyayo kwa ncha ya kidole. Mtoto hakufumbua jicho. Akampiga tena. Nilimwona akibadilika uso, kisha akatoka bila kufunga mlango.

Nikajua amekwenda kuwaita wazee waje kunisema. Badala yake nikasikia mtu anatembea juu ya paa, kisha misumari inang'olewa.

"Nani huyo?" nikapiga kelele.

"Ni mimi," mume wangu akajibu kutoka juu. "Mama amesema nitoe bati moja."

Bati likasogea, jua likaangukia kitandani. Mama mkwe alikuwa ameshasimama pembeni yangu, mikono kiunoni.

"Mtoto hajatoka," akasema. "Jua ndilo limeingia. Na huko juu hapiti mtu. Haya, tazama."

Nikambonyeza pua, nikaachia. Ngozi ilibaki ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Nikabonyeza kifuani, tumboni, manjano tupu. Nikainua kope, na ule weupe wa jicho haukuwa mweupe.

Nikajiandaa kwa ugomvi wa pili, maana jua unaweza kulitobolea paa, lakini hospitali haiingii kwa njia ya bati. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa tayari anamfunga mjukuu wake kwenye kitenge chake mwenyewe.

"Mama, na kitovu?" Na aliyeuliza ni mimi, niliyekuwa nikipiga kelele muda mfupi uliopita.

"Kitadondokea huko huko. Vaa viatu, mwanangu."

Alivuka mlango yeye kwanza, mtoto kifuani. Majirani walikuwa wamesimama migombani, wametukodolea macho kweli kweli. Hakujificha. Aliwasalimia mmoja mmoja, kichwa juu, hadi tukaingia kwenye gari dogo la kukodi alilokimbia kulileta mume wangu.

Hospitalini walimtoa damu, wakamlaza uchi chini ya taa za buluu, macho wameyafunika. Daktari akasema kundi la damu yangu na la mtoto hayakupatana, na kwamba usingizi ule tuliousifia ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe. Akasema pia tumefika wakati bado kuna la kufanya, ila manjano yakipanda namna ile yanaweza kuingia kwenye ubongo na kuharibu masikio.

"Atasikia?" mama mkwe akauliza.

"Bado hatujui, bibi. Akikua kidogo tutampima."

Kitovu kilidondokea hapo hospitalini. Tuliporudi nyumbani sherehe ikafanyika vilevile, na bibi mtu ndiye aliyetoa jina. Tangu siku hiyo akisikia jirani kajifungua, haingii kwa pongezi. Anaingia akisema, fungueni dirisha nimwone. Na wanafungua.

Lakini lile neno la bado hatujui liliishi nasi nyumbani. Mimi nilipiga makofi nyuma ya mtoto. Bibi yake aligonga sufuria akidhani sioni. Mara aligeuka, mara aliendelea kunyonya vidole kama hayamhusu.

Siku ya kipimo, mtoto akiwa ameshajua kukaa, nilimpakata. Nesi mmoja alikaa mbele yetu na mwanasesere, mwingine nyuma na njuga ndogo. Tukaambiwa asiongee mtu. Mama mkwe alikaa mlangoni, kiganja mdomoni.

Njuga ikalia kulia. Mtoto akageuka. Ikalia kushoto. Akabaki anamtazama mwanasesere. Ikalia tena kushoto, hakugeuka. Nikaomba Mungu bila maneno. Nesi akangoja kidogo, akaitikisa mara nyingine, na binti yangu akageuza kichwa kushoto taratibu, amekunja uso, kama anayetafuta nani anamsumbua.

Nesi akatabasamu. Mama mkwe akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi, akaomba kwa ishara aruhusiwe kusema. Akaruhusiwa. Akamwita mjukuu wake kwa jina alilompa, kwa sauti ya chini kabisa. Mtoto akamwacha mwanasesere, akamgeukia mlangoni, akacheka.

Mama mkwe akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mumewe.

"Bibi, tafadhali, bado tunapima," nesi akamwambia.

"Pimeni tu," akasema. "Mimi nimeshapima."

Nilitaka kumshukuru mbele ya wale wote. Nikainuka, nikampa mtoto wake.