Besi Iliyomkaa Gaspar Mkononi

Nianze na jambo ambalo Mbagala nzima wanalijua ila wanaona wivu kulitamka: hakuna mpiga tumba kama mie. Shule niliishia darasa la nne, tena nilikaa karibu na mlango, lakini mapigo nayajua kuliko mwalimu wa hesabu anavyozijua hesabu zake. Mwenzangu akichelewa kidogo tu, sikio linaniwasha. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya, najisifu pia. Ila lishikeni hilo la sikio, maana ndilo lililotuharibia.

Hadithi yenyewe ni ya Gaspar Komba, mpiga besi wa bendi yetu. Yeye Mngoni wa Songea, mie Mhehe wa Iringa, kwa hiyo ni watani, na tangu tuanze kupiga pamoja kwenye baa ya Kizuiani hatujawahi kusemezana vizuri. Mkewe Genoveva alipofiwa na mama yake, mie ndiye niliyelala katikati ya njia pale msibani, nikagoma kubanduka mpaka Wangoni waniletee supu. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Gaspar naye akiniona tu natokea kona, anapiga kelele: "Mhehe huyo! Fungieni mbwa wenu ndani!"

Mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mguu ukarudi. Mdomo ukarudi, kwa bahati mbaya yangu. Mkono ukarudi nusu, vidole viwili vya mwisho vikabaki vimejikunja kama vya mtu aliyeficha karanga. Na mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Genoveva akawa anamkalisha barazani, anamtia kiganjani mpira wa matambara. "Binya, baba Hope. Binya tena."

Anselmo, kiongozi wa bendi, alivumilia weee, mwisho akaja nyumbani kwa Gaspar, mie nikiwepo, na sauti ya kuomba mkopo. "Mzee Gaspar, Jumapili njoo tupige wote. Ukiweza, nafasi ni yako. Ikishindikana, kinanda kitapiga na besi humo humo."

Alipoondoka, Gaspar akanigeukia. "Kinanda! Bora wangeniletea punda."

"Punda si ndiye tuliyekuwa naye miaka yote?" nikamjibu.

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasogeza kiti. "Mtani, ishu si mkono. Ishu ni shingo ya gitaa. Ile besi yangu shingo yake nene kama mchi, dole gumba likikaa nyuma, vidole vya mbele havifiki. Nikipata nyembamba, Jumapili watanikoma."

Genoveva alikuwa anachambua mchele. Aliniangalia mie, akarudisha macho kwenye ungo.

Nikasema twende. Kuhusu magitaa nani wa kunifundisha? Nimeyabeba sana.

Tukaenda Tandika kwa Farhan, kijana anayeuza vyombo vya muziki vya mtumba. Akatupa shikamoo zetu, akamtazama Gaspar mkono, akajua. "Mzee, usichague rangi wala jina. Weka dole gumba nyuma ya shingo, nyoosha vidole vinne, halafu uniambie wapi panauma."

Ya kwanza ilikuwa na mgongo wa mviringo, kama bomba lililopasuliwa katikati. Gaspar akaishika, jasho likamtoka puani.

"Unaishika kama umemkaba kuku wa watu," nikamwambia.

"Nyamaza, mla mbwa."

Ya pili mgongo wake ulikuwa bapa, lakini pana, kuanzia pale juu nyuzi zinapotokea kichwani. Uzi wa karibu aliufikia. Ule mnene wa upande wa pili aliutazama tu, kama mtu anayetazama basi lililomwacha.

"Hiyo mpelekee Genoveva akatie vitunguu," nikasema. Farhan akacheka. Gaspar akacheka. Siku ilikuwa bado nzuri.

Farhan akaingia ndani, akarudi na ya tatu, nyeusi, imechubuka tumboni. Shingo yake juu nyembamba, nyuma haina nyama, pembeni imelainishwa na mikono ya watu waliotangulia. Gaspar akaipakata. Vidole vikapanda vyenyewe, hata vile viwili vya karanga vikajikunjua kiasi. Akaenda juu, akashuka chini.

"Panauma wapi?" Farhan akauliza.

"Hapaumi." Akasema tena, taratibu, kama haamini. "Hapaumi popote. Imenikaa, jamani. Imenikaa kama shati la kushonesha."

Akanigeukia, macho yanang'aa. "Mhehe, vuta boksi hilo la spika. Tupige ule wa kufungulia dansi."

Nikavuta boksi, nikaanza. Besi ikaingia.

Ikaingia nyuma yangu.

Nikadhani ni kuzoeana. Nikapunguza mwendo, mie ambaye sijampunguzia mtu mwendo tangu nizaliwe. Naye akabaki nyuma vile vile. Nikapunguza tena. Kila kidole kilikuwa kinafika pale pale kinapotakiwa, bila maumivu, kimechelewa. Shingo haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa shingo ya starehe kuliko zote Tandika, na besi ilikuwa inanifuata kwa nyuma kama mtu anayeita jina lako na wewe umeshapanda basi.

Tukamaliza. Farhan akapiga makofi, kijana mwenye adabu. Gaspar alikuwa ananiangalia mie.

"Haya, mtani. Sema."

Nikajifuta uso.

"Sema, wewe. Ya kwanza nilikaba kuku, ya pili ya vitunguu. Hii je?"

Mdomo huu umetukana maiti, umetukana bwana harusi mbele ya padri. Nikautafutia neno. Nikasema, "Besi nzuri, Gaspar."

Sijawahi kumwita Gaspar, wala kumwambia kitu chake ni kizuri. Alitazama ile shingo, akaupitisha mkono mgongoni mwake kuanzia juu mpaka chini, halafu akamrudishia Farhan kwa mikono miwili.

"Inabana?" Farhan akauliza. "Nikutafutie nyingine?"

"Haibani, mwanangu. Hapo ndipo pabaya."

Nje ya duka alisimama akanisubiri. "Nitukane basi," akasema. "Mhehe, nitukane kidogo tu, twende nyumbani."

Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni "pole." Tukaondoka hivyo hivyo, ananitangulia, kile kiganja cha kushoto bado kimejikunja kwa unene wa shingo ile.

Jumapili hakuja. Kinanda kilipiga besi, na hakikuchelewa hata mara moja.