Aliyeshika Mnyororo wa Lori la Miwa

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye lami, mdomo umejaa damu na mchanga, baiskeli iko juu ya mgongo wangu, gurudumu bado linazunguka. Mbele yangu lori la miwa lilikuwa linapanda kilima cha mwisho kabla ya Kidodi, na mshindani mwenzangu kalishika kwa nyuma kwa mkono mmoja, anavutwa kama trela. Hakugeuka.

Nilipona. Mguu wa kushoto haukupona sawasawa.

Yalikuwa mashindano ya baiskeli, Mikumi hadi Kidodi, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuja kutoka kijijini kwetu Chanzuru na baiskeli ileile niliyokuwa nabebea mkaa, na hadi pale kilimani naongoza mimi. Lori lilipotupita, yeye akadaka mnyororo uliofungia miwa, likamvuta kwa kishindo, bega lake likanitupa chini. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma aliona yote. Akapanda bodaboda mpaka mwisho wa mashindano, akamweleza katibu wa kamati, kombe bado liko mezani.

Katibu akamuuliza, "Mama, wewe umekuja kutazama au kuamua?"

Watu wakacheka. Kombe likatolewa. Katibu huyo ni yule mwenye duka la vipuri karibu na stendi ya Mikumi, na mshindi, huyo aliyeshika lori, ni shemeji yake. Jina la katibu sina haja ya kuliandika, Mikumi nzima inamjua.

Mwaka huu nilikuwa kwa kinyozi, Kilosa mjini, televisheni inaonyesha gofu. Kinyozi peke yake ndiye anayeuelewa mchezo huo.

"Zamani," akatuambia, "mtazamaji akiwa nyumbani kwake akaona mchezaji kasogeza mpira, anapiga simu, jamaa anaadhibiwa. Siku hizi simu wamezikataa. Wana watu wao wa kuangalia video."

"Wamefanya vizuri," akadakia kijana aliyekuwa ananyolewa. "Mtu yuko kwenye kochi anatafuna karanga, anampangia refa!"

"Aliyeona kaona," nikasema, "hata kama anatafuna."

"Mzee wangu, sikiliza. Kamera inamfuata staa tu. Yule wa nyuma anasukuma mpira kwa mguu huko majanini, nani atapiga simu kumsema? Na wengine wanapiga mchezo umeshaisha, mtu kalala na kombe lake."

Kijana alikuwa na hoja. Ila gofu wana kamera, sisi barabarani tuna macho ya wauza mahindi tu. Basi mtazamaji asikilizwe, iwe kamwona staa au wa mwisho, lakini aseme kabla kombe halijatolewa. Na yule mama alisema kabla.

Binti yangu anashindana safari hii, Mikumi hadi Kidodi. Nilipomsimulia, akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti mpya wa kamati, akarudi anacheka.

"Baba, wamekubali! Kabla ya kombe watawauliza watu wa barabarani nani kaona nini."

Nikakaa mlangoni nikaupaka mafuta mnyororo wa baiskeli yake, na katikati ya kazi nikajikuta napiga mluzi. Tangu siku ile ya kilimani nilikuwa sijapiga.

Lakini katibu bado yumo kwenye kamati. Siku ya mashindano nitakuja na fimbo yangu, na yule mama nitakuja naye. Kabla hamjawauliza wengine, katibu, uulizwe wewe: mama huyu alikwambia ameona nini, na kwa nini ulimfanya achekwe? Jibu mbele ya watu walewale, shemeji yako akiwa amesimama hapo pembeni.